Gunia Lililotangulia Barua

Laini ya Sita, Nyumba 14
Kericho
15 Oktoba 1972

Kwa Mama Yunia,

Nisamehe, Mama, kwa kukaa wiki saba bila kukuandikia. Najua ulitazama mkono wa Gekara kila alipotoka huku na lori lake la ndizi, ukaona ni mtupu. Si kwamba sikutaka. Ogari ameota meno mawili kwa mpigo na hataki kuwekwa chini. Natoka kuchuna chai mgongo umekatika, nampokea kwa jirani yangu Chemutai, na kabla sijavua buti Omwenga anashika sketi ananiambia njaa. Jana nilisinzia na kalamu mkononi. Hilo doa la wino hapo juu ndilo la usingizi.

Sisi ni wazima. Mwanao Orina ni mzima pia, ila amepata homa ya kupanga vitu. Kule stoo ya kiwanda wameletewa bosi mpya. Alitoa kila kitu nje juani, spana, mikanda ya mashini, makopo ya rangi, akawaambia wagawe mafungu matatu: kinachotumika, kinachotengenezeka, na kinachokula nafasi bure. Halafu wakachora ukutani umbo la kila chombo kwa rangi nyeupe, ili nyundo ikitoka, ukuta wenyewe uwaambie nyundo haipo. Orina alirudi nyumbani macho yanang'aa kama mtu aliyeokoka jana. Jumapili moja mwezi uliopita akatoa vyombo vyetu vyote nje mbele ya laini nzima, wafanyakazi wa nyumba zote wakitazama.

Mama, niliona aibu. Chumba kimoja kilikuwa kimemeza yote hayo! Mifuniko saba na sufuria ni tatu. Kalenda za miaka minne. Redio isiyosema. Koti la Orina la harusi limeliwa na panya mpaka kwapani. Chemutai akasimama mlangoni pake akaniuliza, "Mama Omwenga, mnahama ama mnauza?"

Nilifanya kazi bila kubisha, kwa sababu nina jambo langu. Lile gunia tulilompa Gekara mwezi uliopita ni la vitu vilivyozidi. Chagua unachotaka, kingine mpe mwenye shida, kingine choma. Usijisumbue nalo.

Jambo langu ni hili. Ulipomchukua binti yangu Kemuma, mimi nikiwa na mimba ya Omwenga na miguu imevimba, ulisema chumba chetu hakina hata mahali pa kuku kuatamia. Ulisema kweli. Sasa mahali papo. Kati ya kabati na ukuta kuna nafasi ya kitanda kidogo, nimeichora sakafuni kwa chaki. Shule ya hapa shambani inaandika watoto wa darasa la kwanza Januari. Naomba mtoto aje aanzie hapa, kwetu. Gekara anaweza kumleta Desemba akija na ndizi.

Mimi mtoto wako,
Gesare

*

Nyamira
16 Oktoba 1972

Kwa Gesare mke wa Orina,

Mwandishi ni mimi, wifi yako Nyanchama, lakini maneno ni ya Mama. Yuko hapa anachambua maharagwe na amenikataza kupunguza hata moja. Anasema hivi:

Gesare, tumengoja barua mpaka tukachoka, basi tunajibu gunia.

Gekara alilishusha tukasikia linalia makopo. Nikasema, huyu Orina amenitumia takataka za Kericho, kwani za hapa zimeisha? Nikatoa kifuniko, nikatoa kifuniko kingine, nikatoa koti la panya. Nilipofika chini kabisa nikaikuta ile nguo ya maua mekundu uliyombebea Kemuma. Imefuliwa. Imekunjwa mara nne. Nikaketi pale pale juu ya koti.

Sikutegemea. Nilidhani wewe ni mtoto wa laini, mambo yetu huyajui. Kumbe kuna aliyekufunza. Hukutuma maneno, umetuma kitu chenyewe. Niliita mzee wa kanisa na majirani, nikaipokea mbele yao kwa mikono miwili. Kuku mweupe tumemla. Kemuma sasa amevuka, ni wa nyumba hii kabisa. Unajua amebeba jina la mama yangu aliyenizaa, na mimi humwita mama, na leo naona kama mama yangu amerudi kuketi jikoni.

Shule ya hapa nimeshamwandikisha kwa Januari. Nimempa jina la baba mkwe wako marehemu: Kemuma Bogonko. Wewe sasa lea hao wawili kwa amani. Mungu akuongeze.

Ni mimi mama yako,
Yunia
(kwa mkono wa Nyanchama)

*

Laini ya Sita
Kericho
25 Oktoba 1972

Kwa Mama,

Nimesoma barua yenu mara nne. Ya tano nikampa Orina. Akasema, "Si wanashukuru tu kwa gunia?" akarudi kupanga visu. Mimi kichwa kinanizunguka.

Nani amevuka, na amevuka nini? Kuku amechinjwa kwa ajili ya mifuniko? Nieleze kama mtu mjinga, Mama, sitakasirika. Na kwa nini mtoto wangu aitwe Bogonko? Kumheshimu marehemu ni vizuri, lakini baba yake ni Orina, na Orina yuko hai, yuko hapa ananiuliza nimeweka wapi kijiko kirefu.

Labda barua yangu ya tarehe kumi na tano haijafika. Na kuna nyingine tena niliyoianza ili ifuatane na gunia, ikapotea kabla sijaimaliza. Orina amepigilia misumari mitatu ukutani, mmoja wa barua za kujibu, mmoja wa kutuma, mmoja wa zilizokwisha. Jana nimeikuta kwenye zilizokwisha. Imekwisha namna gani na haijatoka nyumbani? Tangu nyumba hii ipangwe sipati kitu. Zamani nilijua chumvi iko nyuma ya kofia ya Orina. Sasa chumvi iko mahali pake, na mahali pake ni wapi? Hata kule stoo ni vile vile. Wiki jana mashini ilisimama asubuhi nzima, mkanda ulikuwa mahali pake na hakuna hata mmoja aliyekumbuka ni mahali gani.

Nachekesha lakini sicheki. Tafadhali nijibu upesi. Kemuma anakuja Desemba ama vipi?

Gesare

*

Nyamira
1 Novemba 1972

Wifi Gesare,

Hii ni yangu mwenyewe. Mama yuko shambani anachuma maua ya pareto, sijamwambia naandika.

Kwani hukujua, wifi? Kweli kweli? Nilimuuliza Gekara kama ulimpa maneno ya kusema, akajibu, "Mimi nilipewa gunia, sikupewa maneno." Basi nikueleze. Hapa kwetu mtoto anaweza kukaa kwa nyanya yake miaka kumi na bado ni wako, unamchukua siku ukitaka. Lakini ukituma ile nguo uliyombebea, umesema mgongo wako umefungwa kwa mtoto huyo. Aliyeipokea mbele ya watu haulizwi tena. Akina mama wachache sana hufanya hivyo. Ndiyo sababu Mama alilia, na unajua yeye si mtu wa kulia.

Barua yako ya tarehe 15 ilifika siku tatu baada ya kuku. Niliisoma yote kwa sauti. Mama alikuwa anamsuka Kemuma, akaendelea mpaka akamaliza kichwa kizima. Ndipo akasema, "Ametoa kwa mkono wa kulia, anachukua kwa wa kushoto." Halafu akaniuliza tena ile habari ya Gekara. Hiyo ndiyo ilimuuma zaidi, kwamba mtoto aletwe na lori kama mkungu wa ndizi.

Mtoto mwenyewe amefunikwa nguo hiyo mabegani kanisani, Sabato, akaimbiwa. Akiulizwa anasema yeye ni wa hapa.

Andika kwa adabu. Usimtaje Gekara.

Nyanchama

*

Laini ya Sita
Kericho
9 Novemba 1972

Kwa Mama Yunia, kwa heshima,

Sasa nimeelewa, na nimeogopa. Mama, ni makosa. Mimi nimezaliwa katika laini hizi, mama yangu alikufa nikiwa darasa la pili, na hapa tumechanganyika watu wa kila upande, kila mtu na desturi yake mlangoni. Habari ya nguo sikupata kuisikia kwa mtu yeyote. Siku ile vitu vilikuwa mafungu matatu juani, watoto wanakimbia katikati, Orina anarusha huku na huku. Nguo ilichanganyika na fungu la tatu ikaingia guniani. Hivyo tu.

Sikukupa mtoto. Nakushukuru kwa kunilelea, na nasema hivi nikiwa nimepiga magoti, lakini nasema: sikukupa. Naomba jina lifutwe pale shuleni. Naomba nguo irudi.

Kuhusu njia ya kumleta nilikosea, nisamehe.

Gesare

*

Nyamira
17 Novemba 1972

Kwa mke wa Orina,

Anayeandika ni Nyanchama na anayesema ni mimi.

Nguo haina miguu. Vitu vingine vya gunia lile vilitupwa ovyo, kifuniko juu ya kalenda, kalenda ndani ya redio. Hiyo moja ilifuliwa, ikakaushwa, ikanyooshwa kwa kiganja, ikakunjwa mara nne, ikatangulia chini kabla ya kitu kingine chochote. Ilichanganyikaje? Mimi nimekunja nguo za watoto tisa, na watatu niliwazika. Mkono unaokunja namna hiyo naujua. Mwanangu Orina hawezi kukunja hata soksi.

Wewe unaniambia ni makosa, na mimi nimeambia kanisa zima ni zawadi. Mmoja wetu ni mjinga. Niambie nguo iliwekwa na nani na kwa nini, halafu tutaongea habari ya shule. Ukinidanganya mara ya pili, weka stempu yako, usiandike.

Yunia

*

Laini ya Sita
Kericho
26 Novemba 1972

Mama,

Ni mimi niliyeiweka.

Orina alisema kisichotumika miezi sita kitoke. Nikafungua sanduku nikaishika. Nikaipeleka bombani nikaifua, na maji yalibaki safi. Haikuwa na uchafu wowote, miaka minne hakuna mtoto aliyeikojolea. Nilipomzaa Omwenga sikumbebea hiyo, nilinunua nyingine. Ogari pia. Ile ilikaa tu.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Tulipohamia Laini ya Sita Kemuma alikuwa ameshakuja kwako. Nikiwa na Omwenga mgongoni, mwanamke mmoja kwenye mizani ya chai akaniuliza, "Huyo ni wa ngapi?" Nilikuwa nimechoka, nikasema wa kwanza. Nilisema mara moja tu, nikashindwa kurudi nyuma. Ndiyo sababu huku naitwa Mama Omwenga. Kwa hiyo kila nikifungua sanduku, nguo ile inaniangalia kama mtu anayejua. Siku ile nikaona hapa nimepata ruhusa ya kuitoa. Nikaiweka chini kabisa, nikatupia mifuniko juu, nisije nikabadilisha mawazo.

Sikufikiri natoa mtoto. Nilifikiri tu nitapumua. Lakini sasa unaniuliza, na mimi najiuliza, na sijui. Asubuhi ile ile nilikuwa nimechora mahali pake pa kulala kwa chaki. Nikachora, nikainuka, nikaenda kuifua nguo. Ni mtu wa namna gani anafanya mambo mawili hayo kabla ya uji? Nimeligeuza kila upande, silielewi. Nyumba imepangwa lakini mimi mwenyewe ndani ni kama lile gunia.

Kitu kimoja tu hakijachanganyika. Ninamtaka Kemuma. Sikuandika hivyo kwa sababu kuna nafasi. Hata kama ingekuwa hakuna, tungelala watano kama njiti za kiberiti.

Ukikataa, sitakuja kukugombanisha na kanisa lako. Lakini sitaacha kuuliza. Nitauliza kila mwezi mpaka mtoto awe mtu mzima anijibu yeye.

Gesare

*

Nyamira
4 Desemba 1972

Kwa Gesare,

Sasa umeandika. Nyanchama alisoma, nikamwambia asome tena pale pa bombani.

Mwanangu, mimi nilidhani umenipa kwa moyo mweupe. Kumbe ulikuwa umechoka. Hilo nalo nalijua. Nilipokuwa na umri wako niliwahi kumwacha Orina kwa dada yangu siku nzima ya soko, nikasahau kwamba nimezaa, nikanunua chumvi nikaanza kurudi nyumbani nikiimba. Hilo simwambii mtu. Nyanchama ameshalisikia, basi.

Nguo siirudishi. Kilichopokelewa mbele ya watu hakirudi kwenye gunia. Lakini nimemwuliza shangazi yangu mzee kama kuna njia, akasema ipo. Uje mwenyewe. Uje na nguo mpya, ambayo haijabeba mwingine. Umbebe mgongoni kutoka mlangoni kwangu mpaka barabara kubwa, watu wakitazama, bila kumweka chini. Ukifika barabarani ni wako kama siku uliyomzaa. Ukimweka chini njiani, amerudi kwangu na sitaki kilio.

Najua ana miaka sita. Najua miguu yake itakupiga kwenye magoti. Mimi sikuituma ile nguo.

Jina lililoko shuleni nitalifuta siku hiyo jioni, si kabla.

Na mimi nitabaki na nani jikoni? Hilo usijibu.

Yunia

Wifi, hapa ni mimi Nyanchama, Mama amekwenda kuzima jiko. Usimwambie nimekuambia. Jana na leo alikuwa njiani na jembe, pale penye utelezi karibu na mto. Anapasawazisha. Nilipomwuliza anafanya nini alisema, "Ng'ombe watavunjika miguu." Tuna ng'ombe mmoja, na hapiti huko.

*

Laini ya Sita
Kericho
11 Desemba 1972

Kwa Mama Yunia,

Nitafika Jumapili tarehe 24, kabla jua halijawa kali. Orina anakuja, lakini nimemwambia atatembea nyuma na mikono mfukoni, asije akanisaidia kwa bahati mbaya. Nguo nimeipata kwa Mhindi hapa mjini, ya rangi ya kahawia, nzito. Watoto hawajaigusa. Nimeifungia kwenye sanduku, na Omwenga ameshaniuliza mara tatu kuna nini.

Nimemwambia Chemutai kwamba mimi ni Mama Kemuma. Aliweka sufuria chini. "Ulimficha wapi huyo miaka yote? Kwenye kabati?" Nikamwambia yote. Nilidhani atanicheka laini nzima. Akasema, "Basi ulete kapu lako, nikuonyeshe jinsi ya kufunga mzigo usishuke kiunoni," na tangu siku hiyo natoka shambani na kapu limejaa mpaka kwenye mizani bila kupumzika, yeye anatembea kando ananihesabia hatua na kunitukana nikipunguza. Mgongo unauma. Unauma vizuri.

Naogopa, Mama. Siogopi njia. Nina hofu nikimgeuzia mgongo na kuinama, asimame tu pale ananitazama, asipande. Hilo hukuliweka katika masharti yako na sijui nitafanya nini likitokea. Nimelifikiria wiki nzima. Nafikiri nitabaki nimeinama.

Gekara anapita hapo kwenu Alhamisi. Kuna vitu bado navihitaji kabla sijaja, tafadhali mpeni na msisahau hata kimoja, na safari hii viwe pamoja na barua. Naomba kadi yake ya chanjo, mwalimu wa hapa hamwandiki mtoto bila hiyo. Naomba karatasi iliyochorwa unyayo wake, wa kulia na wa kushoto, niulize bei ya viatu. Mpimeni pia kwenye mizani ya pareto, mniandikie ni ratili ngapi, kapu langu likijaa ni hamsini. Naomba uzi uliokatwa sawasawa na urefu wake akiwa amelala, kwa sababu ile chaki nilikisia tu. Ile dawa unayompa akishikwa na kifua, kidogo, na maneno ya jinsi ya kuichemsha. Nyanchama aandike chakula anachokataa, na kama anaogopa giza, na upande anaolalia.

Na neno analoniita. Akinitaja huko, kama hunitaja, husema nani? Liandikeni vile vile analolisema yeye, msilitengeneze, nikilisikia mlangoni nijue naitwa mimi.

Gesare